Siku tatu hazina kitu kwenye ratiba, mke wangu anasema niziache hivohivo

BARUA

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwanaume wa miaka 47, naishi Mafinga, nina kibiashara changu cha mbao, mke wangu ni muuguzi na tuna watoto wawili, binti yuko kidato cha pili na mdogo wake wa kiume yuko darasa la nne. Najua nikisema shida yangu wengine watacheka, watasema watu wana matatizo ya kweli huyu anahangaika na nini, ila mimi wiki ya pili sa hivi nikilala linanizunguka kichwani na sina wa kumwambia. Kijiweni nikilitoa wataniita mzungu.

Iko hivi. Miaka 17 ya ndoa hatujawahi kwenda likizo. Kusafiri tumesafiri sana, lakini safari zetu zote ni msiba, harusi, kupeleka mtoto shule au kupeleka mgonjwa. Mwaka huu nikasema potelea mbali, mwezi wa sita shule zikifungwa na mke wangu akipata likizo yake tunaondoka wanne, siku 14, hatuendi kuzika wala kuoza mtu.

Nimepanga mwenyewe kwenye daftari. Siku ya 1 tunatoka Mafinga na gari, ni kinoah changu cha siku nyingi lakini kizima, tunalala Mbeya. Siku ya 2 tunaenda Mbozi kuona Kimondo tunarudi Mbeya. Siku ya 3 na ya 4 Tukuyu kwa wakwe zangu. Siku ya 5 na ya 6 Matema, kando ya Ziwa Nyasa, tunalala hukohuko. Alafu siku ya 10 tunapanda treni ya TAZARA Mbeya mpaka Dar, gari mdogo wangu atakuja kulichukua alirudishe Mafinga. Siku ya 11 tunafika Dar kwa shemeji, ya 12 tunapumzika, ya 13 tunapanda SGR hadi Dodoma tunalala, ya 14 basi Dodoma Mtera Iringa nyumbani. Yaani tumezunguka duara zima, gari, treni ya zamani, treni ya umeme na basi.

Hiyo TAZARA ndio roho ya safari yote Shangazi. Mzee wangu, Mungu amrehemu, alifanya kibarua kwenye ujenzi wa ile reli upande wa Makambako enzi za Wachina, alikua akitusimulia usiku mpaka tunasinzia. Na mimi mwanae hadi leo sijawahi kuipanda, naiona tu nikipita Makambako.

Sasa shida. Treni haiondoki kila siku, ina siku zake, na shemeji wa Dar anakua na nafasi wikiendi tu. Nilivohesabu kurudi nyuma kutoka siku ya treni ikabaki siku ya 7, ya 8 na ya 9 hazina kitu. Tupu. Nimezizungushia kalamu nyekundu. Na mimi ni mtu wa mbao, kwetu hakuna nafasi tupu, hata tukipakia fuso ile nafasi inayobaki pembeni tunachomeka mabanzi.

Basi nikafanya kosa la kuuliza watu. Binti anataka Hifadhi ya Kitulo, kaona video za maua huko, anasema asipoenda Kitulo bora abaki nyumbani. Mdogo wake anataka tubaki Matema aogelee siku zote tano. Mama mkwe kasikia, kapiga simu mwenyewe, anasema hizo siku tatu ni zake, hatujakaa naye vizuri tangu msiba wa baba mkwe. Mdogo wangu anasema tuvuke mpaka wa Kasumulu tukaione Malawi. Mimi mwenyewe nimeandika Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, maporomoko ya Kaporogwe, na Tunduma kuangalia bei ya vitu. Na dada yangu wa Iringa amenuna, anasema likizo yote imeenda ukweni, kwetu tunapita na basi siku ya mwisho kama watalii.

Nikamuuliza mama watoto yeye anataka nini. Alikua anakunja nguo. Akasema "ziache hivohivo". Nikadhani hajanielewa, kesho yake nikamuuliza tena nikiwa na daftari, akasema "si nimeshakwambia", akaenda zake kazini, alikua na zamu ya usiku.

Ndo hapo nimekwama. Niziache vipi? Siku tupu nayo inakula hela, gesti ni ileile, chakula ni kilekile, soda za watoto, na nimetenga milioni mbili na laki mbili kwa safari nzima, sio mtu wa kuchezea. Na nikuambie ukweli, naogopa. Mwaka juzi tulienda Dar kwenye harusi ya binamu yake, Jumapili ikabaki haina ratiba, nikasema vizuri tutapumzika. Kilichotokea nilikaa kwenye korido ya gesti napigiwa simu za mbao kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, yeye akawachukua watoto akaenda nao baharini peke yake. Usiku hatukuongea. Hatukugombana, hatukuongea tu. Sitaki tena siku kama ile, ndo maana nataka kila siku iwe na kitu chake.

Nizijaze au niziache? Na kama ni kuzijaza nimsikilize nani, maana nikimpa mmoja watano wananuna.

Ni mimi Baba Ratiba, Mafinga.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, kamwene.

Kwanza sijacheka. Hapo kwenye mabanzi nilicheka kidogo, nakiri, lakini barua yako nimeisoma mara tatu na ya mwisho nilisoma na kalamu mkononi kama wewe na daftari lako. Mtu aliyekaa miaka 17 bila likizo akipata moja lazima aishike kama yai, nakuelewa kabisa.

Nikikuelewa vizuri unasema hivi: una siku 14, kumi na moja zina kazi, tatu hazina, watu sita wanazigombania na mtu mmoja anasema zisiguswe, na huyo mmoja ndio unayelala naye kitanda kimoja. Na chini yake kuna kajumapili ka Dar ambako hakajapona.

Nianze na hesabu, maana wewe ni mtu wa kupima na mimi nimekaa Mbeya miaka mingi hizo barabara nazijua. Hivi ni kweli una siku tatu? Siku ya 6 mnalala Matema. Maana yake siku ya 7 asubuhi bado mko kando ya ziwa, na kutoka pale mnapanda, ziwa liko kwenye mita kama 500 juu ya usawa wa bahari na Mbeya mjini ni kama 1,700, kinoah chako chenye mizigo na watu wanne kitapanda taratibu kupitia Tukuyu na ile milima ya migomba na chai, mtasimama kununua ndizi, mtoto atataka kukojoa, mvua ya Tukuyu itawakuta hata kama ni kiangazi maana kule mvua haina adabu. Siku ya 7 imeenda hiyo. Siku ya 9 nayo ni kesho yake treni. Mdogo wako anafika kuchukua gari, mnapakua, mnafua, mnatafuta chakula cha njiani na maji na blanketi, unapita stesheni kuhakikisha. Hiyo siku nayo imeliwa nusu, na nakuomba usiichezee hiyo nusu iliyobaki, nitakuambia kwa nini.

Kwahiyo ulichonacho ni siku moja nzima na vipande viwili. Watu sita wanagombania siku moja! Sijui kama hili linakupunguzia mzigo au linakuongezea, lakini ukimwonyesha mkeo daftari likiwa na siku moja tupu badala ya tatu zenye wekundu, huenda hata mazungumzo yakawa mengine.

Hiyo nusu ya kabla ya treni naitetea kwa sababu moja. Hakuna kitu kwenye ratiba yako kinachoweza kukuangusha kama kufika stesheni umechelewa, au kufika mapema ukaambiwa siku imebadilika. Ratiba ya treni za abiria za reli ile hubadilika, na kuna vipindi huduma husimama kabisa, kwahiyo usitegemee uliyoandika mwezi wa nne. Uliza stesheni ya Mbeya wiki ile ile, uliza tena mkiwa Tukuyu. Na kama itatokea haipo, hapo ndo utashukuru kwamba ulikua na nafasi, maana mnaweza kugeuza gari mkaja Iringa, watoto wakaona Isimila yale mawe ya watu wa kale na zile nguzo za udongo, wakaenda Kalenga kuliona fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, dada yako akacheka tena, alafu mkaendelea na gari kwa Mtera mpaka Dodoma mkaipande SGR mkiwa mnaenda Dar badala ya kutoka. Duara ni lilelile, limegeuzwa tu. Sikuombei hivo, roho ya safari ni treni ya mzee, lakini mtu mwenye siku zilizojaa mpaka ukingoni hana namna ya kugeuza.

Sasa tuje kwa hawa wanaogombania.

Binti na Kitulo. Hapa nataka uongee naye kabla hamjatoka nyumbani. Maua yale ya kwenye video yanachanua zaidi Desemba mpaka Aprili. Mwezi wa sita mpaka wa nane kule ni baridi na ukungu, uwanda wenyewe uko kwenye mita kama 2,600, atakuta majani, upepo na kimya, okidi za kwenye simu hazipo. Kuna watu wanaipenda Kitulo hivohivo, mimi mmoja wao, ule uwazi wake hauna mfano, lakini mtoto wa miaka 15 aliyeahidiwa maua akafikishwa kwenye ukungu ataikumbuka hiyo mpaka anaolewa. Na njia sio ya kuiendea mbio: ukipitia Chimala unapanda Matamba kwa zile kona 57, watoto wanazihesabu kwa sauti mpaka mmoja anatapika, ukipitia Isyonje nayo inataka subira. Kwenda na kurudi kwa siku moja inawezekana, lakini hiyo siku haitakua na kitu kingine, na dereva ni wewe. Muulize binti, ni Kitulo unayoitaka au ni maua? Kama ni maua, labda ahadi ya Desemba au Februari ina uzito kuliko safari ya mwezi wa sita. Kama ni Kitulo yenyewe, baridi na yote, basi ameomba kitu cha kweli na anastahili kusikilizwa.

Kijana na kuogelea. Huyu ndo mwenye ombi la bei nafuu kuliko wote na naona hakuna aliyemjibu. Kulala Matema usiku wa tatu hakuongezi mafuta hata lita moja. Na kama mojawapo ya siku zenu ikiangukia Jumamosi kuna soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo, kina mama wanakuja navyo kwa mitumbwi, mkeo akichagua chungu mtasafiri nacho kwenye treni mpaka Dar na mtagombana juu ya nani akipakate, hayo ni magomvi mazuri. Hatari yake ni kwamba siku ya kurudi Mbeya inasogea karibu na treni, na gari likikusumbua njiani huna pa kujificha.

Tunduma itoe kwenye siku tupu. Kimondo kiko barabara hiyohiyo ya kwenda Tunduma, kama unataka sana kuangalia bei unganisha siku ya 2, ila foleni ya malori pale mpakani unaijua, na sidhani kama mtoto aliyetoka kugusa chuma cha tani nyingi kilichoanguka kutoka angani anataka kwenda kuulizia bei ya mablanketi. Malawi mwambie mdogo wako aende yeye. Kuvusha gari kuna makaratasi yake na siku moja haitoshi kufurahia, itatosha tu kusema nilifika.

Daraja la Mungu liko upande wa Kiwira, ni kuchepuka kutoka barabara kuu ambayo mnaipita mara mbili, kwenda na kurudi, hilo sio la kupangia siku. Mkifika pale dakika arobaini zinatosha, mnaona lava ilivyoganda juu ya mto ikawa daraja, mnaendelea. Ngosi ni habari nyingine. Kutoka gari linapoishia ni kupanda msituni saa nzima na zaidi, mwisho kunasimama kabisa, mizizi na utelezi, na ukifika juu ukungu ukiwa umefunga unaona maziwa mgando matupu. Ukiwa umefunguka, mwanangu, lile ziwa limelala kule chini kimya la kijani sijui la bluu, utakaa chini bila kuambiwa. Mimi nilipanda nikiwa na umri wako nikakuta ukungu mara ya kwanza, nikarudi mwaka uliofuata. Je mkeo anapenda kupanda? Hujasema.

Na hapo ndo nafika kwenye kitu kilichonikaa zaidi. Barua yako najua binti anataka nini na kwa sababu gani, kijana vilevile, mama mkwe vilevile, hadi dada yako aliyenuna sababu yake naijua. Mke wako najua maneno mawili tu, ziache hivohivo, na kwamba alikua anakunja nguo. Ulimuuliza anataka nini. Ulimuuliza kwa nini?

Sikulaumu. Ila nimewaza, huyu ni muuguzi, maisha yake yote ni karatasi iliyobandikwa ukutani na mtu mwingine, wiki hii asubuhi wiki ijayo usiku, akipanga kitu mwenzake anaugua anaitwa. Mtu kama huyo akiona siku haina maandishi huenda haoni nafasi iliyopotea kama unavyoiona wewe kwenye fuso. Huenda anaona kitu ambacho hajawahi kupewa. Au labda sivyo. Labda amechoka kwamba daftari liliandikwa lote kabla hajaulizwa, na ziache hivohivo ni namna yake ya kusema hata mimi nilikua na kalamu. Labda anataka siku moja na mama yake, wao wawili, bila wageni, ila hawezi kuomba kwa sababu mama mkwe ameshaomba tatu na akikubali moja zitachukuliwa zote. Au alikua amechoka tu usiku ule, nguo nyingi, na hana maana yoyote ya ndani. Zote zinawezekana, na kila moja inataka kitu tofauti kutoka kwako. Ndio maana kuzijaza au kuziacha kabla ya kujua ni kama kukata ubao kabla ya kujua unaenda dirishani au mlangoni.

Alafu ile Jumapili. Wewe unasema haikua na ratiba ndo maana ikaharibika. Nimeisoma tena na tena na mimi naona ilijaa mpaka pomoni, ilijaa mbao. Kuanzia asubuhi mpaka saa kumi! Iliyokosa kitu ilikua Jumapili ya mkeo. Sasa jiulize polepole, usinijibu mimi, kama siku ile ingekua na ratiba, tuseme saa nne makumbusho, saa nane samaki Feri, simu zisingeita? Zingeita hukohuko makumbusho. Inawezekana hofu yako sio siku tupu, ni simu. Na kama ni simu basi hata ujaze Ngosi na Kaporogwe na Malawi zote, ule mtandao ukipatikana tu pale Isongole mteja wa Dodoma atataka mbili kwa nne vipande mia tatu kesho.

Simaanishi uzime biashara, watu wanakula humo. Lakini kuna njia za katikati, kuna wanaobaki na saa moja ya simu asubuhi kabla watoto hawajaamka, kuna wanaomwachia mtu laini ya kazi. Mdogo wako anaweza, ila huyohuyo umempangia aje Mbeya kuchukua gari, kwahiyo siku mbili hakuna mtu kwenye mbao. Umeliona hilo?

Jambo jingine ambalo huenda hujaliwaza. Kwa nini mpande treni Mbeya? Wewe unakaa Mafinga, stesheni ya Makambako ni jirani yako, na reli ni ileile. Mngeweza kurudi na gari wenyewe siku ya 8, kulaza gari nyumbani, kulala kitandani kwenu, kufua, alafu mkaunganisha treni Makambako, pale pale alipofanyia kibarua mzee wako. Mdogo wako habanduki dukani na gesti mbili mmeokoa. Nzuri sana kwenye daftari. Lakini mimi nimeolewa miaka 36 na nakuambia likizo ikipita nyumbani inafia getini. Wateja watajua umerudi, jirani ataleta mgonjwa amwone muuguzi, kuku watakua hawajapewa pumba. Na mtakua mmekosa kipande chote cha Mbeya mpaka Makambako. Pima mwenyewe kipi kinauma zaidi.

Kuhusu kuziacha zikae tupu kweli, nayo ina hatari zake nisikufiche. Siku tupu inataka mahali pake. Siku tupu pale Matema ni mchanga na maji na mtoto anajichezea. Siku tupu kwenye gesti ya Mbeya mjini karibu na stendi, mwezi wa sita, baridi, watu wanne vyumba viwili na televisheni moja, hiyo mwanangu hata malaika watagombana. Na siku tupu ukweni Tukuyu haipo kabisa duniani, kuna siku ya kuchinja kuku, siku ya kupita kwa wajomba, siku ya kumenya ndizi za wageni waliosikia mmefika, na anayemenya ni nani? Kuna wanawake wakifika kwa mama zao wanarudi kuwa watoto, wanaletewa chai kitandani. Kuna wengine wakifika wanakua wapishi wa kijiji. Mkeo ni yupi, wewe umeoa miaka 17, unajua.

Kwahiyo kama mtaamua ziachwe, labda swali la kumuuliza sio tufanye nini, ni tukae wapi tusipofanya kitu. Hilo ni rahisi kujibika hata kwa mtu anayekunja nguo. Na kama mtaamua kujaza, labda mjaze ile moja ya katikati tu, mmoja wenu aichague bila kupigiwa kura, na wengine wajue mapema ili wanune wakiwa nyumbani wasije kununia njiani.

Mama mkwe apigiwe simu na mkeo, sio na wewe. Wewe hata useme nini utaonekana unamnyima.

Hela zako naona zinakwenda vizuri usijitese sana, ila tiketi za SGR shughulikia mapema kwa mtandao na vitambulisho vya wakubwa viwe mkononi, wikiendi hujaa. Na TAZARA ulizia mabehewa ya kulala, watoto wawili na usiku mzima kwenye kiti ni mateso. Mkijaliwa mkaamka mkiwa ndani ya Hifadhi ya Nyerere kaeni dirishani, wanyama hawana ratiba lakini wanaonekana.

Kitu kimoja kuhusu mzee. Reli ile, kilometa 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, ilianza kujengwa 1970 ikamalizika 1975, na kipande kigumu kuliko vyote ni hicho cha Mlimba kupanda Makambako, madaraja na mahandaki mfululizo. Uliza stesheni mtapita pale saa ngapi. Kuna uwezekano mkubwa itakua usiku na hamtaona chochote. Ikiwa hivo, lile giza ndo utakua na muda nalo, kijana wako wa darasa la nne hajawahi kusimuliwa zile hadithi mpaka akasinzia, au amewahi?

Shangazi yako.